Sisimizi bapa weusi wa kijiti cha mwembe wananifia ndani ya chupa, naombeni ushauri

binti_bamburi

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo nyote. Niko Bamburi, leo ni siku ya tisa nina jambo linaninyima usingizi, nyumbani nikiwaeleza wananiangalia tu, kwa hivyo nimekuja huku.

Kusi ilivuma usiku kucha ikaangusha matawi makavu ya mwembe wa uani, asubuhi mamangu akayafagia akayarundika ayachome pamoja na majani. Mimi nkaokota kijiti kimoja urefu wa kalamu, kikavu kabisa, ubavuni kina kitundu mviringo na hapo kwa kitundu kuna kitu cheusi kimeziba. Nlidhani ni utomvu umeganda. Nikagusa na unyasi, kikarudi ndani! Kumbe ni kichwa cha sisimizi, amekaa mlangoni kakiziba na kichwa chake kama kifuniko. Nkamuomba mamangu aningoje kidogo na kiberiti chake, nikakipasua kijiti pole pole, ndani kimetobolewa na fukusi zamani, na humo mna malkia mmoja, vibarua 14, na mabuu meupe kama punje za mchele uliovunjika.

Ni weusi lakini hawang'ai, ngozi yao kama msasa. Kichwa bapa, pembeni kina vimeno kama vya msumeno, na mgongoni kwa nyuma wana miiba miwili. Ukimgusa hakimbii, anakunja vipapasio vinaingia kwenye mifereji miwili iliyo ubavuni mwa kichwa mpaka havionekani tena, miguu nayo anaifyata, analala pale kama punje ya pilipili manga iliyobanwa. Nimewaweka kiganjani, hawajaniuma hata mara moja. Nimelinganisha na picha za AntWeb, ile tovuti ya picha za sisimizi, nikaona ni jenasi ya Cataulacus.

Sasa taabu. Nikafanya vile nimeona kwa video, testi tyubu ya kioo, maji chini, pamba, kisha wao, kisha pamba tena mlangoni. Siku ya tatu kioo kikaanza kutoa jasho kwa ndani, siku ya tano pamba ikashika ukungu mweusi, na mpaka leo vibarua watano wamekufa. Waliobaki wamebeba mabuu yote wakayapeleka kule mlangoni wakayagandisha kwenye ile pamba kavu, yaani wako mbali na maji kabisa. Na jana usiku sisimizi wadogo wa jikoni wakapata njia mpaka kwa pamba, wallahi nliamka saa nane nkawakuta wamejipanga.

Nawalisha asali. Nifanyeje? Na jambo lingine, niliweka picha mahali, mtu wa ng'ambo akaniandikia inboksi ati nikimpata malkia mwingine kama huyu atanilipa kwa euro. Sijamjibu.

FundiNyuki_Kilifi

Waleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa mizinga, sisimizi nawatazama tu ju wanapanda mizinga yangu, lakini hawa bapa nawajua, wako kwenye vijiti vikavu vya miembe na mikorosho huku kwetu.

Wewe unawazamisha. Wala huna kosa, zile video nyingi ni za sisimizi wachimba ardhi, malkia wao akishatua anajifukia kwenye udongo, kwa hivyo ile tyubu yenye maji inamfaa kwa sababu inafanana na shimo lake. Huyu wako hajui udongo. Yeye kazaliwa juu ya mti ndani ya kijiti kilichokufa, kinapigwa jua kutwa na upepo unapita, mvua ikinyesha kinalowa kisha kinakauka siku hiyo hiyo. Sasa wewe umemtia ndani ya kioo ambacho hakinywi hata tone moja, na Mombasa hii hewa yenyewe imejaa maji. Kijiti kinanyonya unyevu, kioo kinaurudisha juu yao.

Na hawa maji wanayaogopa kwelikweli. Kuna ndugu yao Malaysia, Cataulacus muticus, anaishi ndani ya mianzi mikubwa. Mvua ikinyesha kwanza wanaziba mlango na vichwa kama ulivyoona wewe, maji yakipenya wanayanywa, wanatoka nje, wanayakojoa huko, wanarudi ndani wanakunywa tena, hivyo hivyo mpaka nyumba ikauke. Sasa fikiria mdudu wa ukoo huo umemfungia na kisima.

Umeniambia mwenyewe wamebeba watoto wakawapeleka kukavu. Hilo ndilo jibu lako, wamekuonyesha wanataka nini kabla hujatuuliza sisi.

Fanya hivi. Tafuta kijiti kingine kikavu chenye uwazi ndani, tete pia linafaa au mwanzi mwembamba, upana wa ndani uwe kama mrija wa soda, usizidi. Ziba ncha zote mbili, toboa kitundu kimoja ubavuni saizi ya kichwa cha kibarua na si zaidi, manake mlango mkubwa hawawezi kuuziba na watakua na wasiwasi daima. Ukitaka kuwaona pasua upande mmoja kwa urefu, funika na kipande cha plastiki angavu, halafu juu yake karatasi nyeusi. Kiweke ndani ya kontena pana, mfuniko ukate katikati ubandike kitambaa cha chachi hewa ipite. Maji weka pembeni kabisa, kifuniko cha soda chenye pamba iliyolowa, mwenye kiu atayafuata.

MamaWaTatu

Mwanangu usiwalishe asali peke yake. Asali ni nguvu ya vibarua, mabuu yanataka nyama. Mbu si wako tele hapa, mpige mmoja usimpasue sana, mweke kwenye kipande cha karatasi karibu na mlango, asubuhi toa mabaki, usiyaache yaoze. Na hiyo asali ichanganye na maji, tone dogo tu ncha ya kijiti cha kiberiti, mdudu saizi hii akinasa kwa asali nzito hatoki.

Kuhusu wale wa jikoni, hilo ndilo jambo la haraka kuliko yote, shughulikia leo kabla ya magharibi. Wewe hukuona kabati la vyakula la nyanya zetu? Miguu minne kila mmoja ndani ya mkebe wa maji, na mtungi wa sukari ulikaa humo miaka na miaka hakuna sisimizi aliyefika. Weka kontena lako juu ya kopo, kopo ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, na lisiguse ukuta wala pazia. Wako nao wasitoke, chukua poda ya mtoto uikoroge na spiriti iwe kama uji mwepesi, paka ukingo wa ndani wa kontena na pamba, ikikauka hawapandi wanateleza. Ila ngoja ikauke na harufu iishe kabisa ndio uwatie. Mafuta ya kujipaka usijaribu, kaskazi ikiingia yanayeyuka yote yanachuruzika chini.

mtoto_wa_mjini

Mimi naona warudishe tu mtini dada, mdudu wa porini ni wa porini. Ila hiyo euro mbona unaiacha, malkia mmoja tu kuna ubaya gani?

SheriaKwanza

Ubaya upo na ni mkubwa, usimpotoshe dada wa watu. Mwezi wa nne 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa Naivasha na malkia karibu 5,000, wengi wao wale wakubwa wekundu wanaokusanya mbegu, Messor cephalotes, wamewatia kwenye tyubu na sindano zenye pamba, yaani tyubu kama hiyo hiyo unayotumia wewe. Mwezi wa tano mahakamani Nairobi wakahukumiwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12, na hawakua peke yao, kwa kesi nyingine alikuwemo Mkenya na mtu wa Vietnam, faini yao hiyo hiyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii udogo wa mdudu.

Mtu akikuandikia inboksi anataka malkia, huyo hapendi wadudu vile unavyopenda wewe. Malkia akiondoka kijiti chote kimekufa, wale vibarua hawana pa kupata mwengine. Usimjibu, mfungie. Na hata hao ulionao, nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uwaeleze wazi vile uliwapata na unataka kuwatazama tu, wakikwambia uwarudishe warudishe. Ukweli usemwe mapema, ukisemwa baadaye unaonekana kama ulikua unaficha.

FundiNyuki_Kilifi

Sheria amesema sawa. Na kuwarudisha ni mwembe ule ule, si mti wowote. Dada, huo mwembe una majimoto?

binti_bamburi

Unao, tele, wameshona majani huko juu, hata maembe tunachuma kwa upondo.

FundiNyuki_Kilifi

Basi usiwe na shaka. Majimoto ni wakali lakini hawa bapa wamezoea kuishi nao, Ghana kwenye mikakao Cataulacus guineensis anapatikana mti mmoja na majimoto, akikutwa njiani anajibana kwa gome na ile ngozi ya msasa hawapati pa kumshika. Wa kuogopa ni wale wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, wanaopanda kutoka ardhini. Hao hata majimoto wanawafukuza kwenye minazi, na majimoto wakiondoka wale kunguni wanaofyonza vidaka wanabaki bila adui, nazi zinapukutika changa. Kwa hivyo ukirudisha kijiti kifunge juu na kamba, kisiguse chini.

binti_bamburi

Ahsanteni sana wazee wangu na ndugu zangu. Nawapa habari, leo ni siku ya kumi na moja tangu mnijibu.

Nlitengeneza tete kama alivyosema Fundi, kitundu nilitoboa na sindano ya moto kisha nikakipanua na msumari mwembamba, mara ya kwanza kikawa kikubwa wakakataa kabisa kuingia, walikua wanachungulia wanarudi. La pili nkapima na kichwa cha mmoja wa wale waliokufa. Kontena nikaliweka juu ya kopo ndani ya sahani ya maji ya sabuni, wa jikoni wamezunguka sahani siku mbili wakaacha.

Ile tyubu nikailaza ndani ya kontena bila pamba ya mlangoni nikaiacha, sikuwakung'uta. Kibarua mmoja akatoka, akatembea vile wanavyotembea hatua mbili anasimama, akafika kwa tete, akapima kitundu na vipapasio muda mrefu sana, akaingia. Alitoka baada ya nusu saa hivi akarudi kuwachukua wengine. Kufikia alfajiri malkia ameingia na mabuu yote yamo. Tangu hapo hakuna hata mmoja aliyekufa, wako tisa vile vile, na mbu wanavuta wenyewe ndani.

KWS nimeenda juzi nkawaeleza yote, afisa amesema akirudi mkubwa wake watanipigia, kwa hivyo nasubiri na kamba ya kufungia ninayo tayari. Yule wa inboksi nimemfungia.

Jana jioni nimeinua karatasi nyeusi kidogo nikaona malkia ana mayai mapya, nimehesabu saba. Nikairudisha karatasi upesi. Kwa nje nikatazama kitundu, mmoja alikua pale mlangoni, ameziba.