Naomba ushauri, kuna kitu kinanyonya betri ya gari usiku

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana nimekwama. Niko Arusha, Sakina, gari yangu ni ya 2004 cc 1500, ikilala usiku mmoja asubuhi inawaka kwa shida, nikiiacha siku mbili hata stata haigeuki naenda kumgongea jirani anibusti, na hii baridi ya mwezi wa saba ndo inazidisha kabisa.

Betri ina miezi 2 tu, fundi wa kwanza ndo alisema ninunue mpya, hela ikaenda tatizo likabaki palepale. Injini ikiwaka mita inasoma volti 14.1 kwahiyo chaji inaingia. Jumamosi nikachomoa waya wa negativu nikaweka mita katikati ya huo waya na betri, milango imefungwa, nikasubiri nusu saa, bado inavuta amp 0.7 wakati kawaida haitakiwi kuzidi kama 0.05. Nikachomoa fyuzi za ndani moja moja namba haikushuka hata kidogo! Alamu (ilifungwa mtaani, niliishuku sana) na redio nimetoa, namba ikabaki ileile.

Sasa nahisi alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka), maana asubuhi kabla sijawasha ukiigusa ina kauvuguvugu. Je daiodi zake (vile vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaweza kuvujisha umeme hivyo na bado ikachaji 14.1? Na nikitoa ule waya mnene wa nyuma yake, betri nikiwa nimeichomoa kwanza, halafu nikapima tena, inatosha kuthibitisha? Sitaki kununua tena kitu kwa kubahatisha.