Hôtel-Dieu ya Beaune: hospitali ya maskini yenye paa la kifalme?

Mwanafunzi wa Majengo ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa somo fupi kuhusu nyumba za hisani za Ulaya katika Zama za Kati, na nimekwama kwenye Hôtel-Dieu ya Beaune, katika eneo la Burgundy, Ufaransa. Hati ya kuianzisha, iliyotolewa tarehe 4 Agosti 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala Philip wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, inaiweka nyumba hiyo mikononi mwa wagonjwa maskini. Hata hivyo, kila picha ninayoikuta inaonyesha paa la vigae vya kung'aa, vyekundu, kahawia, njano na kijani, vilivyopangwa kama mkeka wa ukili wa rangi. Je, fahari hiyo ilikusudiwa wagonjwa, au ilikuwa ya kumpamba mwanzilishi? Na ni kiasi gani cha tunachokiona leo ni cha karne ya 15 kweli?

Msanifu Mstaafu amejibu:

Ndugu mtoa mada, picha hizo zimekupotosha kidogo, kwa sababu karibu zote zimepigwa kutoka uani. Anayefika kwa barabara hukutana kwanza na ukuta mrefu usio na makuu na paa lenye mteremko mkali, lililoezekwa kwa mabamba ya mawe ya rangi ya kijivu. Rangi zote zimewekwa ndani, ambako mpita njia hazioni. Huko uani ndiko kuna baraza za mbao za ghorofa mbili, ambazo watawa waliohudumia wagonjwa waliweza kupita kutoka chumba hadi chumba bila kunyeshewa, na ndiko kuna kisima chenye chuma kilichofuliwa kwa ufundi wa kupendeza.

Lakini kwa maoni yangu jengo lenyewe hasa ni Ukumbi wa Maskini. Una urefu wa karibu mita 50, upana wa mita 14 na kimo cha mita 16 hivi, bila nguzo hata moja katikati. Dari lake la mbao limepindwa kama jahazi lililogeuzwa kifudifudi, na boriti zinazokatiza kutoka ukuta hadi ukuta zimechongwa mwishoni vichwa vya madude ya kutisha, kana kwamba boriti hizo zinatoka vinywani mwao. Vitanda vilipangwa safu mbili kando ya kuta, na katikati ikaachwa njia pana inayoishia kwenye kanisa dogo. Kanisa hilo halikuwa jengo la pembeni: lilikuwa mwisho wa ukumbi uleule, likitenganishwa nao kwa kiunzi cha mbao tu, ili mtu asiyeweza kuinuka asikie misa akiwa kitandani pake. Tukumbuke kwamba tiba ya wakati huo ilikuwa na uwezo mdogo sana, kwa hiyo aliyejenga hospitali alijenga kwanza mahali pa kufia kwa heshima, kisha mahali pa kuponea. Ukiupima ukumbi kwa macho hayo, kimo kile si majivuno.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawalitambui ni maji. Mto Bouzaise unapita chini ya jengo, na ndio uliokuwa ukibeba taka za hospitali. Walioishi mkondo wa chini bila shaka walikuwa na maoni yao.

Mtunza Makavazi amejibu:

Naomba nijibu swali la pili, kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi. Vigae unavyoviona viliwekwa kati ya 1902 na 1907. Umbo la paa ni la kale, lakini michoro ile inayochapishwa kwenye kadi za posta ni kazi ya mafundi wa mwanzoni mwa karne ya 20, na haifai kuitolea ushahidi wa jinsi mafundi wa Rolin walivyochagua rangi. Ukumbi nao ulifanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya 1870, na vitanda vyenye mapazia mekundu vinavyoonyeshwa leo vinatokana na kazi hiyo. Kwa hiyo katika somo lako tenganisha mambo mawili: kiunzi, mpango wa vyumba na uhusiano wa ukumbi na kanisa ni vya karne ya 15, sehemu kubwa ya sura inayovutia jicho ni ya wakarabati.

Sisemi hivyo kuwadharau. Wakarabati walijitahidi kufuata alama walizozikuta, mfano vigae vya sakafu vyenye herufi za majina ya Nicolas na Guigone pamoja na neno «Seulle» na nyota, yaani «wa pekee», ambalo Rolin alilitumia kumtaja mkewe.

Mpenda Historia amejibu:

Kuhusu mwanzilishi, inasimuliwa kwamba mfalme Louis wa 11 alisema ni haki Rolin awajengee maskini hospitali, maana aliwafanya wengi kuwa maskini alipokuwa hai. Hata kama ni porojo, inaonyesha sifa aliyoiacha. Hata hivyo mimi humhukumu kwa namna alivyoitunza kazi yake. Hakutoa jengo akaondoka. Aliiwekea hospitali pato la livre 1,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) kila mwaka kutoka kwenye machimbo ya chumvi ya Salins, na akaagiza mkate mweupe ugawiwe maskini mlangoni kila siku. Msomaji anayejua wakfu ataelewa mara moja: mali yenyewe haiuzwi, pato lake ndilo linalolisha wahitaji. Ndivyo pia zilivyoendeshwa hospitali za wakfu za Damascus na Cairo, ile ya mtawala Nuruddin ya 1154 na ile ya Sultani Qalawun ya miaka ya 1280, ingawa mpango wa majengo yao ni tofauti kabisa.

Baadaye watu walianza kuiachia hospitali mashamba ya mizabibu katika wasia wao, na leo ina takribani hekta 60. Mvinyo wake huuzwa kwa mnada tangu 1859, Jumapili ya tatu ya Novemba. Wagonjwa walihamishiwa hospitali ya kisasa mwaka 1971, lakini pato la mizabibu halikukatika.

Mwanafunzi wa Majengo ameandika:

Nawashukuru sana. Bado kitu kimoja: ule mchoro wa Hukumu ya Mwisho, ambao mchoraji Rogier van der Weyden aliichorea hospitali hii, ulikuwa wapi? Nimeuona kwenye chumba kingine kabisa.

Mtunza Makavazi amejibu:

Ulikuwa juu ya altare ya kanisa lile la mwisho wa ukumbi. Ni mbao zenye mabawa ya kukunja, na kwa siku za kawaida zilifungwa: wagonjwa waliona picha za Rolin na Guigone wakipiga magoti, pamoja na Watakatifu Sebastiani na Antoni, ambao watu waliwaomba wakati wa tauni na magonjwa ya ngozi. Jumapili na siku za sikukuu mabawa yalifunguliwa, na aliyelala kitandani akatazamana na Malaika Mikaeli akipima roho kwenye mizani. Katika karne ya 19 mbao hizo zilipasuliwa kwa msumeno ili pande zote mbili zionekane kwa pamoja, na sasa zimetundikwa katika chumba kingine, chenye mwanga hafifu. Ukienda, simama kwanza katikati ya Ukumbi wa Maskini, tazama kanisani, kisha ndipo uingie chumba hicho; vinginevyo utaona mchoro mzuri bila kujua ulikuwa unamtazama nani.