Besi ya nyuzi tano imezuiwa forodhani: ankara mbili na neno "blackwood"

Mpigabesi anaandika:

Ndugu wanajumuiya, salamu kwenu nyote, na kwa wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kuandikiana na forodha kuhusu ala ya muziki iliyotengenezwa kwa oda. Mimi ni mtu wa vidole vifupi, na baada ya miaka mingi ya kupiga gitaa la besi la kawaida lenye skeli (urefu wa uzi unaotetema) ya inchi 34, kifundo cha mkono kilianza kunisumbua. Kwa hiyo miezi 14 iliyopita nilimwagizia fundi mmoja wa kujitegemea, anayefanya kazi peke yake katika nchi nyingine, anitengenezee besi ya nyuzi tano yenye skeli fupi ya inchi 30. Tulikubaliana kwamba nusu ya bei ningeilipa kama arbuni kabla hajakata mbao, na nusu iliyobaki siku atakaponitumia picha za kazi iliyokamilika. Alitoa ankara mbili, moja kwa kila malipo, nami nikalipa zote kupitia benki.

Besi imefika, lakini fundi alibandika juu ya sanduku ile ankara ya pili peke yake. Juzi nimepokea barua ya forodha yenye maswali mawili. La kwanza ni kwa nini thamani iliyotamkwa ni nusu ya bei ambayo fundi huyohuyo anaitangaza kwenye tovuti yake kwa besi za aina hiyo. La pili ni jina la kisayansi la mti uliotumika kwenye ubao wa freti (ule wa shingoni ambapo vidole hubana nyuzi), kwa sababu ankara imeandikwa "blackwood" na basi. Nimepewa siku 14 za kujibu, na tozo ya ghala inahesabiwa kila siku.

Ninachotaka kujua ni hiki: anayepaswa kusahihisha tamko ni mimi, ni fundi, au ni kampuni ya usafirishaji iliyolijaza? Na nikilisahihisha mwenyewe, je, nitahesabiwa kuwa nilikusudia kudanganya?

Nyuzi Sita anaandika:

Pole sana, kaka. Yaliyokupata hayako mbali na yaliyonipata mimi nilipoagiza besi yangu ya nyuzi sita. Mimi walinitoza ushuru wa gitaa, kisha wakanitoza ushuru wa sanduku lake gumu kama bidhaa ya pili, eti kwa sababu ankara iliorodhesha "gitaa" na "sanduku" katika mistari miwili. Nililipa, kwa kuwa nilikuwa na onyesho wiki ileile. Andika kwamba ala yako inaingia chini ya HS 9202 (HS ni mfumo wa kimataifa wa namba za kuainisha bidhaa), ambayo ni ya ala za nyuzi, na mambo yatakwenda.

Lakini niruhusu nikuulize jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ankara. Je, hiyo besi yako ina B ya chini, yaani ule uzi mnene wa sauti nzito kuliko zote, kwenye inchi 30? B hiyo ni takribani mitetemo 31 kwa sekunde, na mkazo wa uzi hupungua kwa mraba wa urefu. Ukichukua uzi uleule na kuushusha kutoka inchi 34 hadi inchi 30, unapoteza karibu asilimia 22 ya mkazo. Uzi wenye unene wa inchi 0.130 unaojisikia imara kwenye skeli ndefu utalegea mkononi mwako kama kamba ya kuanikia nguo, na ili kurudisha mkazo uleule ungehitaji unene wa kama 0.147, ambao hauingii kwa urahisi kwenye nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo) wala kwenye vikazio vya kawaida. Ndiyo maana wengi wanaotaka nyuzi tano kwenye skeli fupi huacha B na kuongeza C ya juu, wakapata E, A, D, G, C. Sijui kama fundi wako alikueleza hayo kabla ya kupokea arbuni.

Wakala Mstaafu anaandika:

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba wanajumuiya wasipeane namba za HS kwa kukisia. Kichwa 9202 ni cha ala za nyuzi zinazojitosheleza kwa sauti, kama vile gitaa la kawaida lenye kasha wazi na fidla. Besi ya umeme, ambayo bila amplifaya haisikiki hata chumba cha pili, ni ya 9207. Ukitamka 9202 huku picha zikionyesha pikapu (kinasa mitetemo ya nyuzi) na tundu la waya, umejiongezea swali la tatu.

Kuhusu sanduku, ndugu Nyuzi Sita, ulitozwa isivyostahili, na ulipaswa kukata rufaa. Kanuni ya Jumla ya 5(a) ya kufasiri mfumo huo inataja waziwazi masanduku ya ala za muziki: sanduku lililotengenezwa kulingana na umbo la ala, linalofaa kutumika kwa muda mrefu na lililoletwa pamoja nayo, huainishwa pamoja na ala yenyewe. Kwa upande mwingine, seti za nyuzi za akiba zilizowekwa ndani ya sanduku ni jambo jingine. Hizo zina namba yake, 9209 30, na mafundi wengi huzitia humo kama zawadi bila kuziandika popote.

Kuhusu thamani, mkataba wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) wa kuthamini bidhaa unaanza na bei ya muamala, yaani jumla ya fedha zilizolipwa au zitakazolipwa kwa muuzaji kwa ajili ya bidhaa hiyo. Arbuni ni sehemu ya bei. Kulipwa miezi 14 kabla hakuiondoi katika hesabu. Weka ankara zote mbili pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha malipo mawili, kisha juu yake ongeza usafiri na bima, kwa sababu thamani ni CIF, yaani bei pamoja na bima na usafiri.

Dada Klarineti anaandika:

Mzee wangu Wakala, shikamoo, na kwa heshima yote naomba kuongeza kwamba si kila nchi hutumia CIF. Marekani, kwa mfano, haihesabu usafiri wa kimataifa ndani ya thamani ya forodha. Kaka hajatuambia anaishi wapi, kwa hiyo tusimpe kanuni ya kwetu kama kwamba ndiyo ya dunia nzima.

Mimi nazungumza juu ya swali la pili, kwa sababu nimelala nalo na kuamka nalo. Napiga klarineti, na klarineti yangu ni ya mpingo. Neno "blackwood" halitoshi kwa sababu linabeba miti miwili ambayo hata majina yake ya kisayansi yanafanana kwa nusu. Mmoja ni Dalbergia melanoxylon, ndio mpingo wetu. Mwingine ni Acacia melanoxylon wa Australia, mti wa rangi ya kahawia ambao mafundi wa magitaa wanaupenda sana kwa kasha na kwa shingo. Neno melanoxylon lenyewe maana yake ni mbao nyeusi tu. Afisa anayesoma "blackwood" hana namna ya kujua ni upi, na tofauti yake ni kubwa: wa Australia haumo katika orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini), na mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya spishi ambazo biashara yake huhitaji kibali.

Hata hivyo, usiogope mapema. Jamii yote ya Dalbergia iliwekwa katika Kiambatisho cha Pili tarehe 2 Januari 2017, isipokuwa Dalbergia nigra wa Brazili ambao tayari ulikuwa katika Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992. Kwa karibu miaka mitatu tulitaabika kwa vibali. Kisha, kuanzia tarehe 26 Novemba 2019, ala za muziki zilizokamilika, sehemu zake zilizokamilika na vifaa vyake vilisamehewa, na mpingo umo katika msamaha huo. Kwa hiyo ukiandika Dalbergia melanoxylon, na ukaandika kwamba ni ala iliyokamilika, hudaiwi kibali cha CITES kwa ajili ya ubao huo. Wa Brazili hausamehewi hata kidogo.

Nyuzi Sita anaandika:

Nashukuru kwa masomo, ingawa sikumbuki kuwa niliomba kusahihishwa mbele ya watu. Kama ni vibali, kwa nini kaka asiombe kile cheti cha ala za muziki cha CITES, ambacho wanamuziki husafiri nacho na hudumu hadi miaka mitatu? Angekionyesha na mjadala ukaisha.

Na ebony je? Nyumbani sote tulizoea kwamba ebony ndiyo mpingo, na hiyo haimo katika orodha.

Dada Klarineti anaandika:

Kaka, cheti hicho ni cha mtu ambaye tayari anamiliki ala na anavuka nayo mipaka kwenda kupiga na kurudi. Hakihusu ala inayonunuliwa na kubadili mmiliki. Na mpingo si ebony, hata kama wachongaji na watalii wamelizoea jina hilo. Ebony halisi ni Diospyros, jamii nyingine kabisa, na hata humo kuna spishi za Madagaska zilizomo katika orodha. Kosa la namna hiyo ukiliandika katika jibu rasmi, litasomwa kama tamko la uongo.

Naomba radhi kama nimekuwa mkali. Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa na kipande cha mpingo alichokitumia kuzuia mlango usijifunge. Kilikuwa na gamba la rangi ya maziwa pande zote na kiini cheusi katikati, na kilikuwa kizito kiasi kwamba tulikatazwa kukibeba. Siku niliyoandika jina la mti ule katika fomu ya ofisi ya ugenini, kwa Kilatini, mkono ulisita kidogo.

Nyuzi Sita anaandika:

Hapo umenigusa, dada, na ndipo ninapoona uchungu. Mti unaondoka kwetu ukiwa gogo, unazunguka dunia, halafu sisi watoto wa kule ndio tunaosimamishwa dirishani kuulizwa tumeupata wapi. Viongozi wetu wangeweka karakana za ubao wa freti na miili ya klarineti karibu na misitu yenyewe…

Wakala Mstaafu anaandika:

Ndugu, hayo ni ya mada nyingine, na kijana huyu anahesabiwa tozo ya ghala.

Mpigabesi anaandika:

Nawashukuru wote. Nianze na kaka Nyuzi Sita, maana nisipomjibu ataendelea kuniulizia B yangu. Fundi alinieleza mapema. Alikataa kabisa kunifanyia B kwenye inchi 30, akanishauri freti zilizotanuka kama upepeo wa mkono: upande wa G skeli ni inchi 30 kamili, na upande wa B inafika inchi 32. Kwa hesabu yako mwenyewe, B inapoteza takribani asilimia 11 ya mkazo badala ya 22, na kwa uzi mnene kidogo inakaa sawa. Kichwa cha shingo, ambapo vikazio hukaa kwa kawaida, hakipo. Vikazio viko nyuma ya daraja, kwa sababu kasha dogo lenye kichwa chenye vikazio vitano huning'inia upande wa shingo, na bega la kushoto ndilo linalolipa.

Kuhusu mti, nilimwandikia fundi, naye amejibu kwa uungwana lakini kwa namna iliyonishangaza: hana hakika. Ubao aliununua miaka mingi iliyopita kwa mjane wa fundi mwenzake, pamoja na rundo la mbao zisizo na lebo, na neno "blackwood" lilikuwa limeandikwa kwa penseli juu ya kifungu kizima. Alitunza kipande kilichobaki alipoukata, urefu wa kidole na upana wa vidole viwili, akanitumia ndani ya bahasha ya kawaida. Kimefika jana. Ni cheusi chenye mishipa ya zambarau iliyokoza ukikiinamisha kwenye mwanga. Nilikitia katika glasi ya maji, kikazama mara moja na kugonga chini kama kokoto. Mbao za yule mti wa Australia, kwa nilivyosoma, huelea. Kwa hiyo nadhani nina jibu la swali la pili, na nilikusudia kukiambatisha kipande hicho na barua yangu kama ushahidi.

Wakala Mstaafu anaandika:

Usikiambatishe! Kijana wangu, soma tena alichokuandikia Dada Klarineti. Msamaha ni wa ala iliyokamilika, na wa sehemu zake zilizokamilika. Kipande cha mbao kilichobaki karakanani si ala, wala si sehemu ya ala. Kama ni mpingo kweli, basi besi yako imeingia bila kuhitaji kibali, na hicho kipande kilichokuja kuithibitisha ndicho kilichovuka mpaka kinyume cha utaratibu.

Dada Klarineti anaandika:

Nakubaliana na mzee neno kwa neno. Mwombe fundi aandike tamko lenye sahihi yake, ataje Dalbergia melanoxylon ikiwa yuko tayari kulisimamia, na aeleze kuwa mbao ilinunuliwa ikiwa akiba ya zamani. Na kuzama kwenye maji hakutofautishi mpingo na baadhi ya ebony, kwa hiyo usiitaje ile glasi.

Mpigabesi anaandika:

Nimekitia kipande katika droo, na tamko la fundi nimeliomba. Zimebaki siku nne. Ankara zote mbili na taarifa za benki ninazo mezani. Naomba nirudie swali langu la mwanzo, kwa kuwa bado sijaliona jibu lake: anayesahihisha thamani katika tamko ni nani, mimi au kampuni ya usafirishaji?

Nyuzi Sita anaandika:

Kaka, kama vikazio viko darajani na freti zimetanuka, bila shaka kila uzi una daraja lake peke yake. Ameacha milimita ngapi kati ya uzi na uzi, 16.5 au 18? Nauliza kwa sababu kwenye nyuzi sita zangu 16.5 ilinitesa sana gumba la kulia.