Wakala wa safari wa hapa Nairobi alituuzia ziara ya mvinyo kwa boti ambayo haikuwepo

Ndugu wanajukwaa, nimengoja wiki tatu wakala huyu aijibu barua yetu ya pili, na kwa kuwa ameamua kunyamaza, naliweka jambo hili hapa lilivyo.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili. Kwa miaka miwili tulichanga kila mwezi ili tusafiri hadi Lavaux nchini Uswisi, kwenye ukingo wa Ziwa Geneva, kuzuru nyumba za mvinyo kwa boti. Wazo lilitoka kwa mwenzetu anayehudumu katika hoteli moja hapa jijini, ambaye alitueleza kwamba mvinyo wa Uswisi hunywewa karibu wote huko huko na ni sehemu ndogo tu inayouzwa nje, kwa hivyo anayetaka kuuonja hana budi kuufuata ulipo. Tulikubaliana naye sote, pamoja na wawili wetu wasiokunywa kileo, kwa kuwa mahali penyewe pana historia: mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe, watawa walikuwa wakiyalima karne nyingi zilizopita, na mwaka 2007 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenzetu mwingine, ambaye kwao ni Machakos na amekua akiona matuta, alikuwa na hamu ya kwenda kuliko yeyote.

Wakala, ambaye ofisi yake iko katikati ya jiji, alituandikia bei kwa mafungu. Nauli ya ndege na malazi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye fungu alilolitenga peke yake, shilingi 62,000 kwa kila mmoja, ambalo vocha inalieleza hivi: boti ya kukodi kwa siku mbili, mwongozo anayezungumza Kiingereza, vituo vya Lutry, Cully na Rivaz, na kuonja mvinyo kwa mkulima mwenyewe katika kila kituo. Kwa watu kumi na wawili hizo ni shilingi 744,000, nami ndiye niliyezituma.

Tulifika gati la Ouchy, Lausanne, katika wiki ya mwisho ya Septemba, saa tatu na nusu asubuhi kama vocha ilivyoagiza. Hapakuwa na boti ya kukodi, wala mwongozo. Nilipopiga simu Nairobi niliambiwa nionyeshe dirishani karatasi zilizokuwa ndani ya bahasha, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tulichonunuliwa ni tiketi za siku moja za meli za kawaida za abiria, zile zile ambazo mtu yeyote hununua mwenyewe. Si hilo tu. Saa zilizochapwa kwenye vocha zilikuwa za ratiba ya kiangazi, ilhali ratiba ya vuli, ambayo ina safari chache, ilikuwa imekwisha kuanza. Meli tuliyoambiwa tupande haikuwa ikisafiri tena msimu ule.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Kampuni ya meli haina kosa hata kidogo. Ratiba yake imebandikwa gatini na iko kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kuisoma, na meli zake za kale zinazosukumwa kwa magurudumu ya pembeni, baadhi zikiwa zimeundwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ni fahari ya ziwa lile. Lakini meli ya abiria hutia nanga dakika chache, hushusha, hupakia na kuondoka. Haimngojei mtu apande mlima akaonje mvinyo, na anayeshuka Cully lazima ajue meli ya pili inapita saa ngapi. Kusoma ratiba hiyo kabla ya kutuuzia safari ndiyo kazi tuliyomlipa wakala aifanye.

Tulipanda meli ya mchana tukashuka Cully. Nyumba ya kwanza iliyotajwa kwenye vocha ilikuwa imefungwa, na kibao mlangoni kikisema hufunguliwa saa kumi na moja jioni. Ya pili ilikuwa wazi, lakini ua wote ulikuwa umejaa makreti ya zabibu kwa kuwa msimu wa mavuno ulikuwa umepamba moto. Mama mwenye nyumba alitutazama kwa mshangao. Mwenzetu aliyewahi kusoma Kifaransa alimsomea vocha, naye akajibu kwamba hakuna mtu aliyempigia simu wala kumwandikia, na kwamba wakati wa mavuno hapokei kikundi bila miadi. Hata hivyo hakutufukuza. Alitoa chupa mbili za mvinyo mweupe wa zabibu za Chasselas, akatumiminia kidogo kidogo tukiwa tumesimama kando ya makreti, akatueleza jinsi watu wa Lavaux wanavyosema mizabibu yao hupata majua matatu: la angani, la mwanga unaorudi kutoka ziwani, na la joto ambalo kuta za mawe huweka mchana na kuliachilia usiku. Alikataa malipo. Robo saa ile, tuliyopewa bure na mtu asiyetujua, ndiyo ziara yote ya mvinyo tuliyoipata kwa shilingi 744,000.

Rivaz tuliiona kutoka melini tu. Lutry tulikwenda siku ya pili kwa treni, kwa nauli tuliyojilipia, na tukakuta milango imefungwa.

Tuliporudi nilimwandikia wakala nikiambatisha vocha, picha na tiketi. Jibu lake kwenye WhatsApp lilikuwa mstari mmoja: kwamba boti tulipanda na mashamba tuliyaona. Mwenzetu mmoja katika chama ni mama mboga, na kila shilingi aliyochanga aliitoa kwenye meza yake ya sukuma na nyanya. Siwezi kumsomea jibu hilo kana kwamba ni hesabu.

Hatudai fidia ya uchungu. Tunadai fungu lile moja lirudishwe, tukitoa bei halisi ya tiketi tulizozitumia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwuzia mtu huduma kwa maelezo ya uongo, na boti ya kukodi isiyokodiwa ni maelezo ya uongo. Kwa kuwa kiasi chenyewe hakizidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inaweza kuisikiliza kesi, na fomu nimekwisha kuzijaza.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba Jumatatu nilikwenda ofisini kwake nikakuta kibao kimeng'olewa, na bawabu akaniambia wamehama bila kusema walikohamia, ingawa nambari zao za simu bado zinaita. Ikiwa kuna aliyewahi kumshtaki wakala wa safari katika mahakama hiyo, naomba anieleze aliwezaje kumfikishia hati ya kuitwa mtu aliyehama, na kama mahakama iliridhika na hati iliyotumwa kwa WhatsApp au barua pepe.