Msalaba: Mungu alikuwa anamwadhibu Mwanawe, au anatuokoa sisi?

Njiapanda: Wakuu, tangu shule ya Jumapili tunafundishwa kwamba hasira ya Mungu juu ya dhambi zetu ilihitaji mtu wa kuibeba, ikamwagwa juu ya Yesu, ndipo tukasamehewa. Mimi ni muumini, sikuja kukejeli. Lakini Yesu huyohuyo alimwambia Petro asamehe saba mara sabini, na hakumwambia amtafute kwanza mtu wa kuchapwa. Baba wa mwana mpotevu alimkimbilia mwanawe akamwangukia shingoni, karamu ikaandaliwa, hakuna aliyeadhibiwa. Kwa nini Baba wa mbinguni asingeweza kusamehe bila damu? Naomba anijibu aliyelitafakari, si wa kunirushia mistari. Hata yule mhalifu msalabani alisamehewa kwa kauli moja tu, bila ubatizo, bila fungu la kumi.

Mzee wa Nyaraka: "Wa kunirushia mistari"? Ulitaka msalaba tuuelewe kwa kutumia nini? Isaya 53:5, "adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake". Imeandikwa adhabu, sijaitia mimi. Waebrania 9:22, pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Mungu ni upendo na pia ni hakimu. Hakimu anayemwachia muuaji kwa sababu ana moyo laini, waulize waliofiwa watakwambia ni hakimu wa namna gani.

Binti Sayuni: Shikamoo Mzee. Na hakimu anayemnyonga asiye na hatia ili muuaji aende zake nyumbani, waliofiwa watamwitaje?

Mzee wa Nyaraka: Marahaba binti. Hakunyongwa mtu wa kuokotwa njiani. Yohana 10:18, anasema uhai wake anautoa mwenyewe, hakuna amwondoleaye. Na 2 Wakorintho 5:19, Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakimu ameshuka kitini akasimama kizimbani. Mkimweka Baba upande huu ana fimbo na Mwana upande ule analia, mmeshavunja Utatu.

Fundi Hoja: Hapo kwenye Utatu nakuunga mkono. Ila picha ya mahakama si ya pekee wala si kongwe kuliko zote. Mababa wa kanisa walipenda zaidi kusema habari za ushindi: Kristo ameingia ndani ya mauti akaivunja akiwa humohumo, Wakolosai 2:15. Wapo waliosema fidia, Marko 10:45, kisha wakakwama kwenye swali, amelipwa nani? Gregory wa Nazianzus, askofu na mmoja wa mababa hao, alikataa katakata kwamba shetani alilipwa, na akasema Baba naye aliipokea sadaka ile bila kuidai. Hiyo ni karne ya 4. Wazo kwamba dhambi ni deni la heshima tuliyomnyima Mungu limeletwa na askofu Anselm, kama sikosei karne ya 13.

Kalamu Nyekundu: Anselm alifariki 1109. Kitabu chake cha kwa nini Mungu alifanyika mwanadamu alikikamilisha 1098. Mwanateolojia Abelard akaja baadaye kidogo akasisitiza kwamba upendo ulioonekana msalabani ndio unaotugeuza mioyo. Mahakama na hukumu vilishika kasi karne ya 16, na Calvin, mmoja wa viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, alisomea sheria kabla ya kuwa mwanateolojia, msilisahau hilo.

Fundi Hoja: Tarehe umenipa, hoja yangu hujaigusa. Kanuni ya imani ya mwaka 381 inasema alisulubiwa kwa ajili yetu zamani za Pontio Pilato, ikaishia hapo. Namna msalaba unavyookoa, hakuna hata moja kati ya mabaraza 7 ya kale ya kanisa lililoifunga.

Mlinzi wa Lango: Nimesoma yote kimya ila mleta mada umenikera. Mhalifu yule alikufa kabla Bwana hajaagiza ubatizo, Mathayo 28:19. Hawezi kuwa kigezo chako. Kuna watu wanatafuta wa kujificha nyuma yake ili wasibatizwe na wasitoe.

Njiapanda: Mimi nimebatizwa na ninatoa, usinipake matope. Nimemtaja kwa sababu kaka yangu aliugua mwaka mzima, siku za mwisho akamwita Yesu kwa kinywa chake nikiwa nimemshika mkono. Kanisa likakataa kumzika kwa sababu hakuwa amebatizwa. Mama alisimama kaburini akaimba peke yake. Hivyo usiniambie najificha.

Mlinzi wa Lango: Pole kwa msiba, kweli. Lakini agizo haliondolewi na msiba. Kila mtu akijihesabu yuko pale kwenye msalaba wa pembeni, agizo litabaki la nani?

Binti Sayuni: La mwenye uwezo wa kulitimiza! Kornelio na watu wake, Matendo 10, walishukiwa na Roho hata maji hayajaletwa. Mlinzi, ungekuwepo pale ungemrudisha Roho akasubiri nje?

Mlinzi wa Lango: Malizia sura. Petro aliamuru wabatizwe.

Abuu Nuru: Kwa heshima ndugu zangu, sisi Qur'ani, sura ya Nisaa aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Kwetu swali linaanzia hapo.

Kalamu Nyekundu: Karibu ndugu. Tunajua hapo ndipo tunapoachana. Hata Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato. Lakini humu wanabishana wanaokubali alisulubiwa, wanaulizana ilikuwa kwa ajili gani.

Mwana Zaburi: Mnamjadili mtu yule kama faili mezani. Mwaka 1968 Yerusalemu ulipatikana mfupa wa kisigino cha mtu aliyesulubiwa karne ya 1, msumari wa zaidi ya sentimita 11 umepita katikati, ncha imejikunja, wakamzika nao. Aliyeomba "nikumbuke" alikuwa katika hali ya namna hiyo. Mathayo 27:44 inasema wahalifu wote wawili walimshutumu Yesu. Basi huyu mmoja aligeuka akiwa juu ya mti. Kitu gani kilimgeuza? Hakuwa amesikia habari ya deni wala mahakama. Alimwona asiye na hatia anaumia kando yake, anawaombea wauaji. Njiapanda, mimi jibu lako naliona hapo. Msamaha ulitamkwa na mtu aliyekuwa anavuja damu, haukusubiri damu iishe.

Mzee wa Nyaraka: Umesema vizuri mwanangu, ila umeruka Luka 23:41. Mhalifu mwenyewe alikiri: sisi tunapokea tuliyostahili, huyu hakutenda lolote lisilofaa. Stahili ni lugha ya hukumu. Aliijua mahakama kuliko sisi sote.

Binti Sayuni: Aliijua ya Pilato, Mzee. Na hiyo ilimhukumu Yesu pia.

Mlinzi wa Lango: Na yule wa pili? Aliona damu ileile, akasikia sala ileile, akaendelea kutukana. Mbona upendo wenu haukumgeuza? Mwana Zaburi, nasubiri.