Laifu jaketi gani halibani mabega ukivua kwenye miamba?

Mshipi_Mrefu
Wakuu habari za saa hizi. Mi ni mvuvi wa kujifurahisha tu, wikendi nabeba rodi naenda kwenye miamba navua nikiwa nimesimama, sina boti sina nini. Sasa mwezi uliopita wimbi lilinipitia mpaka kiunoni, nikang'ang'ania jiwe kwa kucha, ndoo ya chambo ikaenda zake, nimerudi nyumbani mama watoto kaona zile kucha akasema hutoki tena hapa bila laifu jaketi. Nikanunua lile la chungwa kama la boti za abiria, lile lenye matofali mawili kifuani na lingine nyuma ya shingo. Aisee ni mateso. Nikirusha tofali linanigonga kidevu, nikitaka kufunga ndoano mikono yangu mwenyewe siioni, joto ndo usiseme, nusu saa haijaisha nimelivua nimelikalia, na hapo ndo nikaona faida yake maana lile jiwe lilikuwa limejaa chaza.

Kuna jaketi mtu anaweza kuvaa masaa matano sita akasahau kama amevaa? Nimeona yale membamba ya kujaa gesi, yanakaa kama kola tu shingoni, naona kama ndo mwisho wa matatizo. Au naingia chaka?

Kome_Mkavu
Pole mkuu. Kwanza acha kulikalia, foamu ikikandamizwa kila siku inasinyaa na uwezo wa kuelea unapungua. Halafu hilo jaketi halina kosa lolote, limetengenezwa kwa kazi nyingine, abiria anaruka majini anatulia kusubiri kuokolewa na hata akizimia limgeuze uso juu. Aliyelichora hakuwaza mtu wa kurusha rodi mara mia mbili kwa siku.

Ya gesi kwenye boti sina neno nayo ila kwenye miamba mi sivai. Mengi ya yale yanayojijaza yenyewe yana kidonge ndani kinachoyeyuka kikilowa na kufyatua mtungi wa gesi, sasa wewe umesimama sehemu mawimbi yanakumwagia asubuhi nzima. Kuna jamaa nilikuwa naye, wimbi limepiga jiwe likamrukia kifuani, katulia kidogo tunasikia paaa! Shingo imevimba kama kavaa tairi, kageuka kutuangalia hawezi hata kuinamisha kichwa, na mtungi wa akiba hana, siku yake ikaishia pale. Tulicheka sana lakini hebu fikiria angekuwa ndo anashuka sehemu ya kuteleza. Lile la kuvuta kamba mwenyewe nalo, ukiteleza ukapiga kichwa nani atavuta? Na likishajaa ni puto hilo, chaza na kome ni wembe. Foamu ikichanika bado inaelea, na ukipigizwa kwenye jiwe foamu ndo inapokea badala ya mbavu.

Tafuta ya watu wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, hasa ya kuvulia. Wale wanapiga kasia siku nzima kwa hiyo kwapa zimekatwa pana, mabegani kuna mkanda tu hakuna foamu nene, na mbele ni fupi linaishia juu ya tumbo kwa hiyo ukiinama kuokota samaki halikupandi kidevuni.

Rodi_Nyeusi
Natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Kuna ya gesi ambayo haijali kulowa, inasubiri presha ya maji, yaani mpaka kile kifaa cha kufyatulia gesi kizame kama sentimita 10 ndo inafyatuka, kwa hiyo rasharasha haikusumbui. Mi navaa hilo nikiwa kwenye mwamba mrefu mkavu na joto kali, na sijutii. Ila ni kitu cha kutunza kama mtoto mchanga. Mtungi unautoa unaupima kwenye mizani ya jikoni, uzito kamili umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, ukiona umepungua au una kutu tupa. Angalia na tarehe ya mwisho kwenye kile kifaa cha kufyatulia. Na mtungi hulegea wenyewe kadiri unavyobeba begi, kila safari ukaze kwa mkono. Kama hizo habari unaona uvivu basi chukua foamu, sikudanganyi.

Kwenye lebo utaona namba na herufi N, yaani nyutoni, kipimo cha nguvu. 50 N ni nguvu ya kuinua kama kilo 5 hivi, kichwa kinabaki juu ya maji kama una akili zako na unajua kuogelea, lakini haikugeuzi ukizimia. 150 N ndo inajitahidi kukugeuza uso juu, na huko ndo waliko wengi wa gesi. Ya kayaki mengi ni 50, hilo mkuu Kome hajakwambia.

Kome_Mkavu
@Rodi_Nyeusi kweli nimelisahau hilo. Asiyejua kuogelea au anayevua peke yake asiniige mimi.

Dada_Ndoano
Mnaongea aina mnasahau saizi. Mi jaketi la kwanza nilikuwa namlaumu fundi kumbe mikanda sikuwahi hata kuirekebisha. Livae ukiwa na nguo zako za kuvulia, funga zipu, kaza ubavuni kuanzia mkanda wa chini kabisa kwenda juu, kisha mtu akushike mabega ya jaketi avute juu kwa nguvu. Likifika masikioni hilo si lako, au linataka mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Huo mkanda wengi wanaukata eti unaudhi, mimi nilijaribu bila huo kwenye maji ya kifuani, jaketi limeelea mimi nimebaki chini nachungulia kupitia tundu la shingo kama kobe. Tangu siku hiyo naufunga.

Dada zangu wenye kifua, tafuteni lenye foamu iliyogawanywa vipande vipande mbele, lile la ubao mmoja mtalichukia.

Rangi chukua ya kupiga kelele. Kijani na bluu zinapendeza kwenye picha ila mkiwa kwenye povu la mawimbi hatuwaoni. Na filimbi ikae mbele karibu na mdomo, isiwe kwenye mfuko chini ya mkasi na risasi za kuzamishia mshipi.

Mshipi_Mrefu
Wakuu nimerudi. Nimechukua la foamu la kayaki, naogelea vizuri na huwa tunakwenda wawili kwa hiyo 50 nimeridhika nayo. Mama watoto kanivuta mabega mpaka nimesimama kwa vidole, jaketi limesogea kama upana wa vidole viwili tu, kasema haya nenda. Jana nimevaa tangu alfajiri mpaka saa nne na nusu, kidevu hakijaguswa. Joto lipo, siwadanganyi, ila mgongoni chini ni wavu mtupu hakuna foamu kwa hiyo upepo unaingia. Mkanda wa mapaja nao ulinifanya nitembee kama bata dakika kumi za kwanza, baadaye nikauzoea.

Kero imebaki moja. Koleo nimelining'iniza kifuani kulia na kila nikirusha mshipi unajizungusha pale, nimepoteza risasi mbili. Mnaweka wapi nyie?

Dada_Ndoano
Ndani ya mfuko, zipu imefungwa. Nje usining'inize kitu chochote, siku wimbi likikuvuta hicho hicho ndo kitanasa kwenye jiwe.

Rodi_Nyeusi
Na ukirudi lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi ulianike kivulini. Lile la chungwa usitupe, mpe mwenzako anayekuja bila kitu.