Wapendwa, nimpeleke mweka hazina wa kwaya kwa wazee?

Mpiga Zeze: Bwana asifiwe. Mweka hazina wa kwaya yetu amekula hela ya mfuko, na ndiye huyo huyo anayetuhubiria uaminifu kila mazoezi. Usingizi umenipaa. Najua Mathayo 18 inataka nimwonye kwanza tukiwa wawili, ila ni bingwa wa kugeuza maneno. Nikienda moja kwa moja kwa wazee ni dhambi? Kejeli pembeni, tafadhali.

Mama Subira: Mwanangu, mpangilio upo: ninyi wawili, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Mimi walinirukia hatua. Jambo langu nililisikia kwenye matangazo, na wimbo wa sadaka ukafuata kama kawaida.

Kata Mbuga: Kwaya na hela! Yetu ilivunjika kwa ajili ya sare. Soprano walitaka zambarau.

Mwalimu wa Zamu: Hela ya kikundi haitoki kwa saini moja. Mwingine anayesaini ni nani?

Mpiga Zeze: Hilo halihusiani.

Mwalimu wa Zamu: Jibu.

Mpiga Zeze: Ni mimi. Lakini nilimsainia fomu tupu kumrahisishia kazi, maana husafiri sana. Sijagusa hata senti. Kusaini si kuiba. Na barua ya wazee nimeshaipeleka, nilitaka tu kujua kama andiko liko upande wangu.

Chumvi ya Mawe: Mfalme Daudi alipoelezwa habari za tajiri aliyepora mwana-kondoo wa maskini, aliwaka: auawe, tena alipe mara nne! Nabii Nathani akamjibu, "Wewe ndiwe mtu huyo." 2 Samweli 12. Halafu tazama Mathayo 7: kibanzi kwenye jicho la ndugu yako ni mti, boriti kwenye jicho lako nayo ni mti. Kosa la jamii moja, linazidiana ukubwa tu. Wala Yesu hakusema kibanzi kiachwe jichoni. Mstari wa 5 unasema kitolewe, ila boriti itangulie.

Kata Mbuga: Hapo kwenye mti umenigusa. Ila zambarau ilikuwa mbaya kweli.

Pilipili Kavu: Wakuu, hii chai. Mwanzo hakuna fomu wala barua, akibanwa vyote vinajitokeza. Kwangu mimi, mleta uzi ndiye mweka hazina mwenyewe, anapima upepo kabla ya kikao.

Mpiga Zeze: Ningejishtaki mwenyewe kwa barua?

Pilipili Kavu: Barua tumeiona wapi?

Chumvi ya Mawe: Akiwa ndiye, basi Nathani na Daudi wanatumia akaunti moja.

Mama Subira: Awe yeyote. Mwanangu, zile fomu tupu zenye saini yako, zilizobaki ziko kwa nani sasa hivi?

Mpiga Zeze: Mama, wazee hawajaniuliza hilo.

Mama Subira: Nakuuliza mimi.